Margarita na Hakimu Aliyelewa

Yupo msafiri wa aina moja ambaye wahudumu wa migahawa ya Texas na Mexico humtambua tangu anapovuta kiti. Menyu haifungui. Huuliza kama margarita yao ni nzuri, swali ambalo hakuna mhudumu anayeutaka mshahara wa mwezi huu atakayelijibu kwa hapana, halafu hutoa simu, huipiga glasi picha kabla haijaguswa, huonja, hufumba macho kidogo, kisha huandika: nane na nusu. Kesho yake mji mwingine, glasi nyingine: saba na robo tatu. Akirejea kwao ana orodha ndefu kutoka San Antonio hadi Cancún, na huigawa kwa ndugu na jamaa kwa uzito ule ule wa Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne. Tofauti ni kwamba msahihishaji wa Baraza halazimiki kunywa karatasi anazosahihisha.

Kazi yenyewe siidharau. Watu husafiri kuhesabu ndege, kupanda vilele, kukusanya mihuri ya pasipoti. Anayekusanya margarita angalau hupata kiti na barafu. Ninachopinga ni hesabu yake. Anajumlisha mahali pa kutoa. Anaanza na sifuri na kuongeza alama kila anapofurahi, na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu furaha ya msafiri ina wafadhili wengi: bahari, jioni, muziki, aliyekaa naye mkabala, na ile habari njema kuliko zote kwamba kesho si siku ya kazi. Glasi ni mfadhili mmoja tu miongoni mwao, na mara nyingi ndiye aliyechanga kidogo, lakini jina lake ndilo linaloandikwa kwenye jiwe la msingi. Makosa, kinyume chake, yana mwenyewe. Jua lizame vizuri namna gani, haliwezi kuifanya ndimu ya juzi kuwa ya leo. Kwa hiyo nasema margarita ianze na alama zote kumi, ikatwe kwa kila kosa linaloweza kuonyeshwa kwa kidole, na raha ya msafiri ibaki mali yake binafsi isiyoingizwa kwenye daftari.

Margarita inafaa kwa mtihani wa namna hiyo kuliko vinywaji vingi, kwa uchache wa vilivyomo. Chama cha Kimataifa cha Wahudumu wa Baa kimeandika kipimo chake: mililita 50 za tekila, 20 za kileo kitamu cha maganda ya machungwa, na 15 za maji ya ndimu iliyokamuliwa papo hapo, vitikiswe na barafu, vichujwe, na ukingo wa glasi upakwe chumvi kwa anayependa. Basi. Hakuna mchuzi wa kuficha kitu, hakuna pilipili, hakuna siri ya bibi. Mililita 85 zote zimesimama hadharani, na mmoja wa wale watatu akiwa mgonjwa, wawili waliobaki hawana nguvu ya kumbeba. Tena inapatikana kila mahali katika njia ile, kuanzia mgahawa wenye vitambaa vyeupe mezani hadi baa ya uwanja wa ndege yenye viti vilivyopigiliwa sakafuni, hivyo anayelinganisha analinganisha kitu kile kile.

Lakini tazama kinywaji hiki kinavyosimuliwa. Wanaodai kukibuni ni wengi, na kila mwamba ngoma huvutia kwake. Carlos Herrera, aliyekuwa na mgahawa wa Rancho La Gloria karibu na Tijuana, anasemekana alikichanganya mwaka 1938 kwa ajili ya Marjorie King, msanii wa maonyesho ambaye mwili wake, inasimuliwa, ulikataa pombe kali zote isipokuwa tekila. Huo ni mzio wa kistaarabu sana, na nadhani wapo wagonjwa wengi ambao hawajagunduliwa. Francisco Morales wa Juárez naye alieleza kwamba mwaka 1942 mwanamke mmoja aliagiza kinywaji ambacho yeye hakukijua sawasawa, na badala ya kukiri akachanganya kile alichokumbuka. Baadaye alihamia Marekani akawa mpeleka maziwa majumbani, kazi isiyo na nafasi kubwa ya kubahatisha. Wengine wanasema ni Galveston, Texas, mwaka 1948, kwa heshima ya mwimbaji Peggy Lee. Margarita Sames, mwanamke wa kitajiri wa Texas, alisema ni yeye mwenyewe, mwaka huo huo, akiwaburudisha wageni kwenye nyumba yake ya likizo huko Acapulco.

Katika hadithi zote hizo kuna mwanamke, kuna jioni, kuna mtu anayetaka kupendeza. Hakuna hata moja inayotuambia kinywaji kilikuwa na ladha gani. Na upo ushahidi mwingine ulio kimya zaidi. Mwaka 1937, London, kitabu cha kokteli cha Café Royal kilichapisha mchanganyiko wa tekila, Cointreau (kileo kile kile cha machungwa) na maji ya ndimu, ukiitwa Picador. Kitu ni kile kile, ila bila mrembo, bila pwani, katika mji wa mvua na makoti. Leo ni nani anayeagiza Picador? Kama utamu wa glasi ungetosha kujitetea wenyewe, dunia nzima ingekuwa inakunywa kinywaji cha jina la mpiganaji wa fahali anayepanda farasi, na yule msafiri wetu angekuwa anatoa alama zake huku mwavuli umening'inia kwenye kiti.

Atakayesema kuwa yeye ana ulimi wa kipekee usiodanganywa na mandhari, ajifunze kwa waliobobea. Robert Hodgson, mtaalamu wa takwimu aliyekuwa pia na shamba lake la mizabibu, aliwachunguza majaji wa mashindano ya divai ya maonyesho ya jimbo la California, watu wanaofanya kazi hiyo kwa utulivu, mezani, mchana, na hutema wanachoonja. Katikati ya glasi nyingi waliwekewa divai ya chupa ile ile mara tatu bila kuambiwa. Matokeo yake, aliyoyachapisha mwaka 2008, yalionyesha kwamba ni kama jaji mmoja kati ya kumi tu aliyeipa divai hiyo hiyo daraja lile lile kila ilipopita mbele yake. Mwaka huo huo watafiti wa Caltech na Stanford waliwaonjesha watu divai huku wakiwatajia bei; divai moja ilipotajwa kuwa ya dola 90 ilipendeza kuliko ilipotajwa kuwa ya dola 10, na mashine ya kupiga picha ubongo ikathibitisha kwamba wanywaji hawakuwa wakijifanya. Walifurahi kweli. Furaha ilikuwa halisi, iliyokosewa ni anwani yake. Sasa mchukue mtu asiye jaji wala hatemi, mweke ufukweni Tulum akiwa amelipia hoteli miezi sita kabla, mpe glasi ya bei inayokaribia ya chakula cha mchana cha familia, halafu umwamini anapokuambia kwamba hii ni tisa na ile ya jana ilikuwa nane na nusu.

Ipo pia hila ya mwisho wa tukio. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake, mwaka 1993, waliwaomba watu watumbukize mkono katika maji ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Kisha, safari nyingine, sekunde 60 zile zile zikifuatwa na nyingine 30 ambamo maji yalipashwa kidogo kufikia nyuzi 15. Walipoulizwa ni mateso gani wangependa kuyarudia, wengi walichagua yale marefu, kwa kuwa yaliisha kwa unafuu. Wenye migahawa wa pwani ya Mexico hawakuhitaji kusoma utafiti huo. Mwisho wa margarita siku zote ni maji ya barafu yenye kumbukumbu ya ndimu, ndiyo maana muda huo huo bili hufika ikiwa imelaliwa na peremende na tabasamu, na alama hupanda kwa nusu nzima bila tone lolote kuongezwa.

Makosa hayana ulaini huo. Chukua lile kubwa kuliko yote, yaani maji ya kijani ya chupa: sukari, asidi ya sitriki na rangi, yanayomiminwa mahali palipopaswa kuwa pa ndimu. Hilo halitegemei hali ya moyo wa mnywaji. Mwenye mapenzi mapya na aliyetoka kuachika wote wataliona, kwa sababu maji hayo huacha utando wa utamu kwenye meno na hayana harufu ya ganda. Kata alama nne bila kujadiliana. Kosa la pili ni tekila yenyewe. Sheria za Mexico zinaruhusu kuitwa tekila hata kile ambacho asilimia 51 tu ya sukari yake imetoka kwenye mmea wa agave ya buluu, iliyobaki ikitoka kwingineko, kwa kawaida kwenye miwa au mahindi. Chupa iliyotoka kwenye agave tupu huandikwa hivyo waziwazi, kwa fahari. Huko San Francisco, Julio Bermejo wa mgahawa wa Tommy's alijijengea jina kwa kushikilia agave tupu na kuweka sharubati ya mmea huo huo badala ya kileo cha machungwa, na margarita yake sasa inatengenezwa katika nchi nyingi. Anayetaka kujua alichomiminiwa hahitaji ulimi wa ajabu. Aombe kuonyeshwa chupa. Ikichukua muda mrefu kupatikana, jibu limeshapatikana.

Chumvi nayo inaonewa sana. Wengi hudhani ni pambo, na baadhi ya wahudumu huipaka kama wanaosiliba ukuta. Kazi yake inajulikana: mwaka 1997 Paul Breslin na Gary Beauchamp walionyesha katika jarida la Nature kwamba chumvi huzima uchungu na hivyo kuziachia ladha nyingine nafasi ya kusikika. Ndiyo sababu chumvi kidogo mdomoni mwa glasi huifanya ndimu iwe laini na tekila isikwaruze. Lakini iwe nje ya ukingo, nusu ya mzunguko, ili mnywaji achague anywe upande gani. Ikimwagikia ndani, kilicho mezani ni maji ya bahari yenye bei. Alama moja. Ukubwa wa glasi nao una hukumu yake: ile bakuli yenye mguu ambayo watalii huipiga picha kwa kuiweka karibu na kichwa cha mtoto ili ionekane ukubwa wake, aghalabu imejazwa barafu, na mililita 50 za tekila zimetumwa humo kama askari wawili kulinda mkoa.

Hapo ndipo linapoingia suala la margarita ya kusagwa na barafu, na nitalikalia kidogo kwa sababu ndilo lenye ushahidi ninaoupenda. Wenye kujiona mabingwa huikata alama kwa kuwa ni ya kusagwa tu. Huo ni ubaguzi. Kosa lake halisi liko kwenye fizikia ya ulimi: ulimi uliopoa husikia utamu kidogo, jambo ambalo kila aliyewahi kuonja aiskrimu iliyoyeyuka analijua, maana ile iliyokuwa tamu wastani ikiwa imeganda hugeuka sharubati ya kukinaisha. Kwa hiyo mtengenezaji wa margarita ya barafu hulazimika kuongeza sukari ili isikike, na anayeinywa taratibu juani hupewa vinywaji viwili kwa bei ya kimoja: cha kwanza kikali na baridi, cha pili uji wa sukari. Anayeinywa haraka ili kuukwepa uji naye hukamatwa na yale maumivu ya ghafla ya kipaji cha uso, hushika kichwa, na meza ya jirani hudhani ameiona bili.

Lakini mashine yenyewe imetoka wapi? Mariano Martinez alifungua mgahawa wake Dallas mwaka 1971. Wateja walipenda margarita za barafu, ila wakalalamika kwamba hazifanani: hii kali, hii tamu mno, hii imekuwa maji. Mtu wa kaunta alikuwa amechoka kukata ndimu na kuendesha blenda usiku kucha, na mkono uliochoka hausomi vipimo. Martinez alipoiona mashine ya kinywaji cha barafu cha watoto katika duka la 7-Eleven, akapata wazo; akachukua mashine ya aiskrimu laini, akaibadilisha na kubadilisha mchanganyiko wake hadi ukakubali kuganda. Mashine hiyo leo imo katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani ya Smithsonian, jijini Washington. Mtu anaweza kuipenda au kuichukia kazi yake. Ninalotaka lionekane ni kwamba haikuzaliwa na sifa. Kama wateja wa Dallas wangekuwa wanatoa nane na nusu na kuondoka wakitabasamu, Martinez angeendelea na blenda hadi mhudumu wake akimbie. Waliotaja makosa ndio walioingiza kitu makumbusho.

Shahidi mkuu wa kesi zote hizi ni ndimu, na hapa msomaji wa pwani yetu ana sifa za kukalia kiti cha jaji bila mafunzo yoyote. Ndimu ndogo ya duara yenye ganda jembamba na mbegu, ile inayokamuliwa kwenye samaki Pemba na kwenye supu Tanga, ni jinsi moja na ile inayolimwa Colima na Michoacán, Mexico. Asili yake ni Asia. Waarabu waliisambaza kuelekea magharibi, Wahispania wakaivusha bahari hadi Amerika, na Mexico ikaifanya yake. Wamarekani kwa sehemu kubwa hutumia dada yake mkubwa asiye na mbegu, anayetoka zaidi Veracruz, mpole wa harufu na mvumilivu wa safari. Mtu aliyekua akitumwa ndimu gengeni anajua bila kufundishwa tofauti ya maji yaliyokamuliwa sasa hivi na yaliyolala kwenye jagi tangu jana: ya pili yana uchungu wa nyuma na yamepoteza ule ukali wa puani. Ujuzi huo unauzwa ghali kwenye semina za wahudumu wa baa. Hata huo mmea wa tekila si mgeni wa mbali. Mkonge wa Tanga ni agave pia, binamu tu wa ile ya buluu. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, miche 1,000, na iliyofika ikiwa hai ni 62. Binamu huyo tulimpa kazi ya kusuka kamba na magunia. Yule wa Jalisco, Mexico, alipewa kazi ya muziki na sherehe, kama itokeavyo katika koo.

Mwaka 2014 ndimu ilitoa ushahidi wake kwa nguvu. Mvua mbaya Veracruz, magonjwa ya miti na magenge yaliyowabana wakulima Michoacán yalikutana msimu mmoja, na bei ya kasha la ndimu Marekani ikapita dola 100. Watu wa kaunta walikata vipande vyembamba vya kuonea huruma, wengine wakaingiza limau kimyakimya. Kwa wanaotoa nyota, mwaka huo ulipita kama miaka mingine, kwa kuwa machweo hayakupanda bei. Kwa mwenye kuhesabu makosa, ungekuwa mwaka wa kujua ni nani aliyekubali hasara ili glasi iwe safi na ni nani aliyegeukia chupa ya kijani, akaizoea, na hakurudi tena.

Ndimu hiyo hiyo ina kisasi chake, na nakitaja kwa sababu lazima tujue kosa gani si la mgahawa. Ganda na maji yake yana kemikali ziitwazo furanokumarini ambazo zikikaa kwenye ngozi kisha zikapigwa na jua huiunguza. Mtalii hujikamulia ndimu kando ya bwawa, mchana wa jua kali, akajifuta mikono mapajani na kulala. Baada ya siku moja au mbili hutokea malengelenge, kisha madoa ya kahawia yenye umbo la matone na vidole. Madaktari wa ngozi wanalijua vizuri tatizo hili, na huko Marekani limepewa jina la kinywaji chenyewe. Wagonjwa humshutumu kiwavi wa bahari, mafuta ya kujipaka, mashuka ya hoteli. Alama za vidole begani kwa mwenzi zinaweza kuleta maswali yasiyohusiana na tiba. Yote hayo hayakatwi kwenye alama za margarita. Mnywaji ndiye aliyejikamulia, na jua halikuwa kwenye menyu.

Najua mapingamizi yanayokuja. La kwanza ni kwamba ladha ni ya mtu, na kila mmoja ana ulimi wake. Kweli, na ndiyo sababu hasa ya kuacha kumpa jirani tarakimu ya ulimi wako. Ukiniambia mgahawa fulani ni nane na nusu, umenieleza kuhusu wewe, tena ukiwa likizoni. Ukiniambia wanakamua ndimu mbele ya mteja na chumvi yao inaingia ndani ya glasi, umenipa habari ninayoweza kuitumia hata kama mimi napenda chumvi ndani ya glasi. Tarakimu zenyewe zina ujanja wa zamani. Robert Parker, mkosoaji mashuhuri wa divai, alieneza kipimo cha alama 100 kinachoanzia 50, yaani divai hupewa nusu kwa kuhudhuria tu. Wale wa matairi ya Michelin, waliotoa mwongozo wao mwaka 1900 na kuanza kugawa nyota mwaka 1926, walikuwa wakweli zaidi: nyota zao za juu zilisema kama mgahawa unastahili kuchepuka njia au kufunga safari, jambo la maana kwa muuza matairi. Na anayetoa alama zenye desimali achunguzwe ameagiza glasi ya ngapi, maana desimali huongezeka kadiri usiku unavyokwenda. Hukumu yote, hata hii yangu ya makato, lazima iishe kabla ya nusu ya glasi ya kwanza. Baada ya hapo hakimu ameingia kwenye kesi.

La pili ni la watu wa raha, wanaosema kuhesabu makosa likizoni ni roho mbaya. Mimi naona anayejitesa ni yule mwingine. Akiwa ufukweni na mwenzake anatafuta kama furaha aliyonayo ni nane au nane na robo, na akishapata tarakimu anaanza kuogopa kwamba ya jana ilikuwa bora. Anayehesabu makosa humaliza kazi ndani ya dakika tatu: ndimu ni hai, chupa imeonekana, chumvi iko nje, barafu haijatawala. Muda uliobaki wote ni wake na bahari. Kuna wanaoongeza kwamba glasi isiyo na kosa inaweza kuwa ya kuchosha, na hapo nakubali nusu. Inaweza. Lakini nipeleke kwanza katika mji wenye margarita nyingi zisizo na kosa hata zikanichosha, tuzungumze vizuri.

La tatu ni zito zaidi: nani ametupa mamlaka ya kuipima Mexico? Tena hutoka kwa upande usiotarajiwa, kwa Mmarekani anayesema margarita ya Texas ni bandia na ya kweli ni ya ng'ambo ya mpaka. Lakini wanaokunywa tekila Mexico huagiza zaidi paloma, yaani tekila na soda ya balungi. Margarita wamewaachia kwa sehemu kubwa wageni, kwa ukarimu na kwa biashara. Texas imekuwa na mapishi yake ya mpakani kwa vizazi, na mashine ya Martinez ni urithi wake halali. Kila tarehe 5 Mei Wamarekani hunywa margarita kwa wingi kuadhimisha vita vya Puebla vya mwaka 1862, ambamo jeshi la Mexico liliwashinda Wafaransa, huku sehemu kubwa ya Mexico ikiendelea na shughuli zake. Kwa hiyo swali la uhalisi nisingeliwekea makato yoyote. Ndimu iliyolala imelala kote kote, Dallas na Guadalajara, na haiulizwi pasipoti.

Msomaji asiyekunywa pombe amevumilia hadi hapa na ana haki ya kuuliza yote haya yanamhusu nini. Yanamhusu kuliko anavyodhani. Migahawa mingi ya njia ile humtengenezea mgeni glasi isiyo na tekila, yenye ndimu, machungwa, sharubati na chumvi ukingoni, na makosa karibu yote niliyotaja yatakuwamo ama hayatakuwamo: chupa ya kijani, chumvi ya ndani, barafu iliyopindukia, sukari ya kuficha. Kinachomponyoka ni suala la tekila tu. Katika mengine yeye ndiye hakimu bora kupita wote, kwa sababu glasi yake ya nne huhukumiwa na akili ile ile ya glasi ya kwanza, na akitoka hapo anaweza kuendesha gari kwenda mgahawa unaofuata. Ningekuwa na kampuni ya kuchapisha miongozo ya margarita ningeajiri watu wa namna hiyo, nikamlipa mlevi mmoja kwa ajili ya tekila na kumkatia teksi.

Imebaki margarita ya strawberi, na ya embe, na ile ya buluu ambayo haijawahi kueleza rangi yake imetoka kwenye tunda gani. Walioanza na sifuri huziruka kwa dharau au huzipa alama za huruma. Kwa hesabu yangu zinaanza na kumi kama dada zao, kwa haki, na zinakatwa kwa utaratibu ule ule: kwanza itafutwe ndimu. Ikipatikana chini ya sharubati, nzuri. Isipopatikana, mengine yafuate hadi zibaki zitakazobaki. Mwavuli wa karatasi uliochomekwa juu haukatwi kitu. Hakuna aliyewahi kudai kwamba ulikamuliwa asubuhi.